Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vipendwa, Vichocheo na Wahusika Wetu

Ukurasa huu ni wa mashabiki wa hadithi, katuni, filamu na michezo ya video wanaoandika kwa Kiswahili wakiwa Uganda, au wakiwa ng'ambo wenye jamaa Uganda. Kila likizo ya shule inapofunguliwa wanaingia wageni, na maswali huwa yale yale. Majibu haya ni ya mtu mmoja aliyekaa kwenye makundi yao ya mtandaoni kwa muda. Mwingine angejibu tofauti kidogo, na hilo halina ubaya.

Kwani watu wanafanya nini humo?

Kwanza wanaambiana wanachokipenda: katuni ya Kijapani, tamthilia, mchezo wa simu, hadithi ya bibi, hata mtangazaji wa mpira. Pili wanachokozana kwa vichocheo, yaani sentensi moja au mbili ambazo mtu anazitupa na wenzake wanaziandikia hadithi au kuzichorea picha. Tatu wanabuni wahusika wao wenyewe, ambao wengi wanawaita OC, na kuwaingiza katika dunia ya hadithi wanayoipenda au kuwajengea dunia mpya. Soga haikatazwi. Siasa za vyama zina mahali pake kwingine.

Kiswahili changu ni cha kambini. Nitachekwa?

Kidogo. Na wewe utawacheka wengine, kwa hiyo mko sare. Kuna mtoto wa askari aliyekulia Mbuya, kuna Mnubi wa Bombo, kuna Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwenye Kiswahili cha Bukavu, kuna mchuuzi wa Busia ambaye maneno yake yanavuka mpaka mara nne kwa siku kama yeye mwenyewe, na kuna Muganda aliyekianza juzi darasani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Lakini wengi wetu hatukukipata kwa mwalimu; tulikiokota njiani, sokoni na redioni.

Ninachoshauri ni hiki: masimulizi yaandike kwa Kiswahili ambacho msomaji wa Arua na wa Mombasa watakielewa, lakini wahusika waache waseme wanavyosema. Konda wa taksi akianza kuzungumza kama mhadhiri wa Dar es Salaam, hadithi imekufa ukurasa wa kwanza. Na usimsahihishe mtu sarufi mbele ya watu kama hajaomba. Mtumie ujumbe pembeni.

Nianze na nini siku ya kwanza?

Vipendwa vitatu. Si arobaini. Orodha ndefu ya majina haisomwi na mtu, kwa sababu jina la katuni peke yake halituambii chochote kukuhusu. Tuambie ni nini hasa kilichokushika. "Napenda hadithi za wapiganaji" ni sawa na kusema unapenda chakula. "Napenda pale mpiganaji anaposhindwa na mwanafunzi wake mwenyewe, halafu anaficha tabasamu" hapo tumekuelewa, na kabla ya jioni mtu atakuwa amekutajia vitu vitano vyenye tukio la namna hiyo. Huenda pia akakuandikia kichocheo.

Kipendwa kisichojulikana ni bora kuliko kinachojulikana na wote. Ukituletea ngano ya sungura na fisi kama ilivyosimuliwa kwenu Kitgum, utapata wasomaji kuliko yule wa kumi wiki hii anayeleta katuni ile ile.

Mambo haya ya mashabiki kuandika upya hadithi za watu si ya Wazungu?

Swali hili huulizwa na wajomba, na jibu lake ninalipenda.

Kabla ya bando kulikuwa na kibanda cha video. Mabenchi ya mbao, televisheni moja, spika inayokoroma, na VJ, msimuliaji wa filamu, ameshika kipaza sauti akiigeuza filamu ya Hong Kong au Marekani kuwa Kiluganda papo kwa papo. Hakuwa mkalimani tu. Alimpa jambazi jina la mtaa, akamzomea shujaa anapochelewa kupiga risasi, akaeleza mawazo ambayo mhusika hakuyasema, akatabiri nani atakufa. Watu hawakuuliza filamu gani inaonyeshwa; waliuliza VJ ni nani. Jina kama VJ Jingo liliuza filamu kuliko jina la mwigizaji. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na Ramon Film Productions wakalichukua jambo hilo wakaliweka ndani ya filamu yao wenyewe: Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010 inatazamwa duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia na kutania mwanzo mpaka mwisho.

Sasa niambie: mtu anayechukua hadithi ya mwenzake, akamwekea mhusika nafsi nyingine, akaihamishia nyumbani kwake na kuwapa watu wake, huyo si shabiki mwandishi ni nani? Sisi tumebadilisha kipaza sauti tu, tunatumia kidole.

Huko ng'ambo nako si jambo la jana. Mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, walikuwa wakichapa majarida yao ya hadithi tangu mwaka 1967 na kuyatuma kwa posta.

Kichocheo kizuri kikoje?

Kina mtu, kina mahali, kina jambo moja lisilokaa sawa. Kisha kinanyamaza.

Tazama hiki: "Konda anakurudishia chenji. Sarafu moja imeandikwa mwaka 2041." Au hiki: "Mvua, Wandegeya, saa sita usiku. Dereva wa boda anakuita kwa jina ulilolitumia mara ya mwisho ukiwa na miaka saba." Mtu mmoja ataandika hadithi ya kutisha, mwingine ataandika ya mapenzi, wa tatu atatuchekesha. Kama watu watano wanaweza kukiandikia mambo matano yasiyofanana, kichocheo chako ni kizima.

Vibovu viko vya aina mbili. Cha kwanza hakina kitu: "Andika kuhusu usaliti." Hiyo ni insha ya mtihani, na tulishaifanya. Cha pili kimeshaila hadithi yote: "Msichana anagundua baba yake si baba yake, anakwenda Gulu kumtafuta wa kweli, anakuta amekufa, anarudi nyumbani amesamehe." Mwandishi abakiziwe nini hapo? Kupiga chapa.

Kwa wahusika wa hadithi za watu wengine, mbinu moja haijawahi kuchoka: mpeleke mhusika mahali ambapo uwezo wake haumfai kitu. Mpiganaji mwenye mbio kuliko upepo, mweke ndani ya taksi kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni. Mfalme wa majini mpange foleni ya kitambulisho cha taifa, na aambiwe arudi kesho na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Utamjua mhusika vizuri pale kuliko katika vita kumi.

Ukitaka zoezi fupi, kuna hadithi ya maneno 100 kamili, mtindo uliozoeshwa na mashabiki wa hadithi za kisayansi Uingereza miaka ya 1980. Kwa Kiswahili maneno 100 yanafika mbali, kwa sababu kitenzi kimoja kinaweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa bila msaada wa mtu.

Mtu ameandikia kichocheo changu na hadithi yake imependwa kuliko yangu. Ameniibia?

Hapana. Ulikitupa, wakakidaka. Hata Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 hailindi wazo. Inalinda kazi iliyoandikwa, iliyochorwa au iliyorekodiwa. Wazo la sarafu ya 2041 halina mwenyewe. Hadithi aliyoandika mtu juu yake ina mwenyewe, na hiyo ndiyo hairuhusiwi kunakiliwa na kuwekwa jina lako.

Adabu ni jambo jingine. Ukitumia kichocheo cha mtu, mtaje. Mstari mmoja unatosha: "Kichocheo ni cha fulani." Asiyetaja hafungwi, ila mara ya tatu utaona hakuna anayemtupia kitu.

Nataka kubuni mhusika wangu. Nijaze fomu?

Fomu zile za rangi ya macho, urefu, silaha na siku ya kuzaliwa zinazunguka kila mahali. Zijaze kama zinakufurahisha. Mimi huwa naruka moja kwa moja hadi kwenye maswali manne: anataka nini, nani anamzuia, anadaiwa na nani, na ni jambo gani akiulizwa atadanganya. La mwisho ndilo linalomfufua. Mhusika mwenye uongo mmoja anaoulinda anaweza kutembea hadithi nzima bila kusukumwa.

Halafu jina. Hapa ndipo wageni wa mtandaoni huteleza, kwa sababu majina ya Uganda hayako kimya. Ukimwita Kato, msomaji Muganda atauliza Wasswa yuko wapi, maana Kato ni pacha wa pili wa kiume. Nakato ana Babirye wake. Kizza amefuata mapacha. Ukivuka kwenda kwa Waacholi na Walango, Opio na Ocen ni pacha, na Okello amezaliwa baada yao. Kwa hiyo ukimpa mhusika wako jina Kato na hukumtaja ndugu yake popote, ama umekosea ama umetuandalia siri nzuri sana. Fanya iwe la pili: Wasswa alikufa? Amekanwa? Yuko upande wa adui?

Mtooro au Mnyoro anahitaji empaako, jina la heshima na upendo kama Akiiki, Amooti, Adyeri au Abwooli, ambalo watu wanaitana wanaposalimiana. Mazungumzo kati ya bibi na mjukuu huko Fort Portal bila empaako yanasikika kama mahojiano ya kituo cha polisi. Majina ya Waganda nayo mengi ni ya ukoo, kwa hiyo usichukue la kwanza linalopendeza mdomoni ukampa mtu wa ukoo mwingine. Uliza. Kuna mtu kwenye kundi ambaye shangazi yake anajua.

Mengine ni madogo lakini yanashika: anakula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) au kikomando (chapati na maharage), na anamlipa nani? Anashuka wapi kwenye taksi? Simu yake ina ufa upande gani?

Wameniambia mhusika wangu ni "Mary Sue". Ni tusi?

Limekuwa tusi. Mwaka 1973 Paula Smith, shabiki wa Star Trek, aliandika kichekesho kifupi kuhusu luteni wa miaka kumi na tano na nusu anayejua kila kitu, anayependwa na kila mtu na kuliliwa na meli nzima anapokufa. Alikuwa anatania hadithi zilizokuwa zikiletwa kwa wingi wakati ule. Jina la luteni huyo likabaki kwa kila mhusika asiye na kasoro.

Maoni yangu: linatumika vibaya. Mvulana akibuni mpiganaji wa miaka kumi na sita anayewashinda wazee wote, anaambiwa ana shujaa. Msichana akibuni wa namna hiyo, anapigwa na jina hili. Kama mhusika wako anashinda kila kitu, tatizo si jinsia yake wala nywele zake za zambarau; ni kwamba ushindi haumgharimu. Mtoze kitu. Na kama una miaka kumi na mitatu na huyu ndiye mhusika wako wa kwanza, mwache ashinde tu. Utamtoza mwakani.

Naweza kumwazima mhusika wa mwenzangu?

Omba kwanza. Ukipewa, usimuue, usimwoze, usimbadilishe dini, na umrudishe alivyokuwa. Ukitaka kumvunja mkono, omba tena.

Hadithi za mashabiki zinaruhusiwa kisheria? Naweza kuuza yangu?

Dunia na wahusika wa hadithi iliyochapishwa vina mwenyewe, na kwa sheria ya Uganda haki hizo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wenye hadithi wengi huwavumilia mashabiki wanaoandika bila kuuza. Ukianza kuuza, uvumilivu unakwisha haraka. Kwa hiyo usiweke nambari ya mobile money chini ya hadithi yenye mhusika wa watu. Hadithi yenye mhusika wako na dunia yako, hiyo uza, na usimwombe mtu ruhusa.

Ngano za kale ni mali ya wote, ndiyo maana nawahimiza vijana wazichukue.

Niziweke wapi zidumu? Kwenye WhatsApp zinapotea.

Ni kweli, ujumbe 300 wa asubuhi unaimeza hadithi ya usiku. Wattpad, iliyoanza mwaka 2006 huko Kanada, ni nyepesi kwenye simu na vijana wengi wa Afrika Mashariki wapo. Archive of Our Own, ambayo watu huiita AO3, ilifunguliwa mwaka 2009, inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango, haina matangazo, hairuhusu biashara, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na za njozi. Kujisajili huko unaomba mwaliko na kusubiri. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, na rafu yetu bado ina nafasi tele.

Popote utakapoweka, baki na nakala yako. Kaunta buku haihitaji chaji.

Bando langu ni dogo. Nitaweza?

Maandishi hayali kitu. Hadithi ya maneno elfu mbili ni nyepesi kuliko picha moja, kwa hiyo tafadhali acheni kupiga picha kurasa na kuzituma kumi na mbili, chapeni. Michoro ipunguzeni ukubwa kabla ya kutuma. Wenye kumbukumbu watakumbuka ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa mitandao ya kijamii Julai 2018; Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Basi kila ukituma video ya dakika tano ya "asubuhi njema", kumbuka kuna mtu analipia.

Niko shule ya bweni, simu ni marufuku. Nifanyeje?

Andika kwenye daftari. Kazi nzuri nyingi zinafika likizoni zikiwa zimeshapita mikononi mwa bweni zima, zimepakwa mafuta ya mandazi, na wasomaji wameshaandika maoni yao pembeni kwa kalamu nyekundu. Chapa ukifika nyumbani. Usiingize simu shuleni kwa ajili yetu.

Mimi ni mzazi. Mwanangu yuko salama humo?

Swali zuri, mama, na mzee vilevile. Mwambie atumie jina la kalamu, asitaje shule, asiweke picha ya uso wala sare, na asikutane na mtu wa mtandaoni bila wewe kujua. Mtu mzima anayemwandikia mtoto pembeni kuhusu mambo yasiyo ya hadithi anaondolewa, haulizwi mara mbili. Na uombe usome alichoandika. Wengi watakataa wiki ya kwanza, wiki ya pili watakuletea wenyewe.

Kwa nini mnasisitiza maonyo juu ya hadithi za vita?

Kwa sababu katika kundi moja la Kiswahili hapa Uganda unaweza kuwa na mtu aliyeikimbia Ituri, mwingine wa kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi aliyevuka kutoka Sudan Kusini, na mwingine aliyekulia kaskazini wakati wa waasi. Kwako msituni usiku ni mandhari ya kusisimua. Kwake ni mwaka fulani. Mstari mmoja juu ya hadithi, "kuna kutekwa kwa watoto, kuna risasi", unampa nafasi ya kuamua. Hatuwakatazi kuandika vita. Baadhi ya hadithi nzito kuliko zote nilizosoma zimeandikwa na hao hao waliovikimbia, na wao ndio wanaokumbuka kuweka onyo kila mara.

Kumwaga mtama ni kosa dogo kuliko hilo, lakini lina wenyewe wanaokasirika: usitaje mwisho wa kitu kipya bila kutahadharisha.

Naweza kuwaunganisha wahusika wowote kimapenzi?

Watu wazima kwa watu wazima. Mhusika mtoto haingizwi katika mambo ya kitandani, na hakuna mjadala juu ya hilo. Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, ujue kwamba Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023 inaadhibu kile inachokiita kukuza ushoga, pamoja na kuchapisha na kusambaza, na kifungo kinaweza kufika miaka 20. Makundi yenye wasimamizi walioko Uganda mara nyingi hayapokei hadithi hizo, kwa ajili ya usalama wa mwandishi na wa msimamizi. Usimtaje wala kumkisia mtu halisi kamwe.

Akili mnemba iniandikie?

Kama imeandika, sema. Ila sijui kwa nini ukodishe mtu akulie chakula unachokipenda.

Nimeweka hadithi, hakuna aliyejibu.

Angalia uliiweka lini: usiku wa mechi ya Arsenal hakuna anayesoma. Angalia pia wewe mwenyewe umesoma za nani. Ukiacha maoni ya kweli kwenye hadithi tatu, ukitaja sentensi iliyokugusa na mahali ulipopotea, wenyewe watakuja kwako. "Safi sana, endelea" si maoni; ni salamu.

Nimechoka katikati ya hadithi. Lazima niimalize?

La. Andika "imesimama" juu yake ili watu waache kukuuliza. Ukiona hutairudia, weka hapo chini ulichokuwa umepanga kitokee, hata kwa mistari mitano, useme kama unaruhusu mwingine aendeleze na ni wahusika gani hutaki waguswe. Mara nyingi mtu hujitokeza ndani ya wiki. Mara nyingine anayejitokeza ni wewe mwenyewe, umekasirishwa na mwisho uliopendekezwa.